Maswali ya Wasomaji: Hospitali Isiyo ya Faida, Mbona Inatoza?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa mistari michache tu kwamba kati ya hospitali kubwa za rufaa za kanda nchini Tanzania, KCMC ya Moshi (Kilimanjaro Christian Medical Centre) na Bugando ya Mwanza ni za makanisa na haziendeshwi kwa ajili ya kugawana faida. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote yaliyoizunguka. Kwa kuwa nyingi zimetoka Kanda ya Kaskazini, majibu ya safari hii yataelemea huko. Niseme mapema kwamba sikusomea udaktari. Miaka yangu ya kazi niliimalizia kwenye meza ya ustawi wa jamii hospitalini, ile meza ambayo mgonjwa huifikia baada ya kuona bili.

SWALI: Shemeji yangu ni dereva wa bodaboda. Aligongwa na gari dogo, akavunjika mguu vibaya, akafikishwa hospitali ya kanisa na kuwekewa vyuma. Tunashukuru amepona, lakini bili ilipokuja tulikaa kimya familia nzima. Hospitali hiyo inajitangaza kuwa haitafuti faida. Kama haitafuti faida, pesa zetu anakula nani? — Msomaji, Same

JIBU: Mpe pole shemeji. Swali lako ndilo lililoulizwa zaidi, na wasomaji wa pwani watanielewa upesi nikilijibu kwa mfano wa nyumba ya wakfu. Nyumba ya wakfu hupangishwa, na mpangaji hulipa kodi kila mwezi kama mpangaji wa nyumba nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba kodi ile haiingii mfukoni mwa mtu, bali hukarabati paa, humlipa mwalimu wa madrasa, na kinachobaki huwekwa kwa ajili ya kazi ileile aliyoikusudia aliyetoa wakfu. Hospitali isiyo ya faida iko hivyo. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio mwisho wa mwaka. Kikibaki kitu baada ya matumizi, hicho ni ziada, na ziada hiyo hairuhusiwi kutoka nje ya kazi ya hospitali. KCMC, kwa mfano, ilifunguliwa Machi 1971 kwa juhudi za Shirika la Msamaria Mwema, lililo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mpaka leo hakuna familia wala kampuni inayochuma kutokana na vitanda vyake zaidi ya 600.

Hata hivyo, kutotafuta faida hakuondoi gharama. Serikali inalipa mishahara ya sehemu kubwa ya wafanyakazi wa hospitali za namna hii, na huo ni msaada mkubwa ambao wagonjwa wengi hawaujui, lakini mshahara haununui dawa ya usingizi, nyuzi za kushonea, umeme wa chumba cha upasuaji wala vile vyuma vyenyewe ambavyo mtaani tumevipa jina la antena. Uchangiaji wa gharama uliingia rasmi katika hospitali za serikali mwaka 1993, na hospitali za mashirika ya dini zilikuwa zikitoza tangu zamani. Utakuta pia kwamba nyingi zina kliniki ya haraka na vyumba vya kulipia zaidi kwa wanaojiweza. Watu huikasirikia hiyo foleni fupi ya wenye nacho, nami niliwahi kuikasirikia, mpaka nilipoona hesabu za mwezi na kukuta kwamba foleni ile fupi ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo la wodi ya watoto.

Sasa tuje kwa shemeji yako, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo barua yako haikuyataja. La kwanza ni kwamba aligongwa na gari. Sheria inalazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani mtu kama shemeji yako. Kama polisi walitoa ile fomu ya PF3 na ajali ikaandikishwa, itunzeni nakala pamoja na risiti zote za hospitali, kisha mfuatilie kampuni iliyolikatia gari hilo bima. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kulipa bili ambayo kwa haki ingedaiwa kwa mwenye bima, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

La pili ni msamaha. Kila hospitali ya ngazi hiyo ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kupima nani hawezi kulipa kabisa, nani anaweza kulipa nusu, na nani apewe muda. Kosa la wengi ni kufika pale siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafungwa. Ndugu mmoja afike siku ya kwanza au ya pili, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Na barua yenyewe ina uzito kulingana na kilichoandikwa ndani. Barua nyingi nilizopokea zilisema: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe," zikafuatiwa na mhuri. Barua ya namna hiyo ingeweza kuandikiwa mtu yeyote, mwenye maduka matatu na asiye na hata kuku. Nakumbuka moja iliyokuja kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, ambayo mtendaji alieleza kwamba nyumba hiyo ina watu 7, shamba ni robo eka la kukodi, mbuzi walikuwa wawili na wameshauzwa kwa ajili ya nauli ya kuja hospitali, na mtoto mkubwa yuko darasa la sita. Haikuwa na lugha ya kuomba hata kidogo. Ilichukua dakika chache kuiamulia.

Jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza: Serikali imeelekeza mara kadhaa kwamba maiti isizuiliwe hospitalini kwa sababu ya deni. Deni hubaki deni na hulipwa kwa makubaliano, lakini mazishi hayapaswi kusubiri.

SWALI: Mwanangu wa pili, mwenye miaka 5, ana ualbino. Tunaishi kijijini na shughuli zetu ni za shambani. Nimesikia kwamba Moshi kuna dawa ya kupaka ya bure. Je, ni kweli, na nitaipataje bila kusafiri kila mwezi? — Mama, wilaya ya Babati

JIBU: Ni kweli, mama, na nimefurahi umeuliza akiwa bado na miaka 5, kwa sababu jua la ikweta huhesabu kila siku alizokaa nje tangu utotoni, kisha hudai baadaye. Ngozi isiyo na rangi ya asili haina kinga; huanza na madoa na magamba magumu usoni, masikioni, shingoni na juu ya mikono, na yasipotibiwa baadhi hugeuka saratani mtu akiwa bado kijana.

Katika eneo la KCMC kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho huwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hapo ndipo inapotengenezwa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino wa mazingira yetu, na kugawiwa kwao bila malipo. Ninaitaja kwa kirefu kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko hesabu yoyote maana ya kutotafuta faida. Losheni za madukani za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya watalii wanaokwenda ufukweni siku kumi. Chupa moja ndogo humalizika upesi, na bei yake haiendani na mkulima mwenye mtoto anayehitaji kupakwa kila siku ya maisha yake. Mfanyabiashara akipiga hesabu ataona wateja ni wachache, wametawanyika vijijini, na wengi hawana pesa. Kwake biashara hiyo haipo.

Kuhusu safari, huhitaji kwenda Moshi kila mwezi. Wataalamu wa ngozi hutoka na kuendesha kliniki za kutembelea katika mikoa, ambako huikagua ngozi ya kila mmoja kuanzia kichwani, huyagandisha madoa ya hatari kwa naitrojeni ya kimiminika kabla hayajawa saratani, na hugawa losheni ya kutosha mpaka ziara inayofuata. Nenda hospitali ya wilaya, mwone mganga mkuu au mratibu wa huduma za ngozi, uulize kliniki hiyo hufika wapi karibu nawe na tarehe gani, kisha mtoto aandikishwe. Chama cha watu wenye ualbino katika wilaya yenu pia huwa na tarehe hizo, na mara nyingi huwa nazo mapema kuliko ofisi.

Losheni ipakwe kama nusu saa kabla ya kutoka, nene kiasi cha kuonekana, na irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu. Ile ya kupaka asubuhi tu na kusahau haisaidii sana. Usisahau masikio na nyuma ya shingo. Hata hivyo, losheni ni ya pili. La kwanza ni nguo: shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo haifai, kwa kuwa huacha masikio na shingo wazi. Mwaka ujao atakapoanza shule, mwone mwalimu mkuu kabla ya siku ya kwanza, umweleze mambo matatu: akae mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali, asikalishwe akitazama dirisha lenye mwanga mkali, na asisimamishwe juani wakati wa mstarini. Ukiwa Moshi siku moja kwa jambo lolote, pitia pia idara ya macho, kwani miwani au lenzi ya kukuza inaweza kubadilisha kabisa uwezo wake wa kusoma ubaoni.

SWALI: Baba yangu, mwenye miaka 66, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Anasema umri wake wa kuvaa mguu bandia umepita. Ni kweli? — Msomaji, Lushoto

JIBU: Mpe baba shikamoo yangu, na umwambie kwamba umri siyo unaoamua. Kinachotazamwa ni kama jeraha limepona vizuri, kama sukari imetulia, kama moyo una nguvu za kumwezesha kutembea, na kama goti limebaki, nalo limebaki. Mwenye goti lake ana nusu ya kazi mkononi.

Moshi, ndani ya eneo hilohilo la KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Karakana yake inanukia jasi na plastiki ya moto. Fundi huuzungushia mguu uliokatwa bandeji zenye jasi mpaka zikakauka, huzivua kama soksi, na ndani yake humimina jasi nyingine, akapata sanamu ya kile kigutu. Sanamu hiyo huichonga kwa mkono, akipunguza sehemu zinazoweza kubeba uzito na kuongeza sehemu zenye mfupa uliochomoza ili zisiumie. Kisha huutoa motoni ubao wa plastiki uliolainika kama chapati isiyoiva, huufunika juu ya sanamu, na hewa hunyonywa ili ushikamane nayo. Hicho ndicho kikombe ambacho baba atakiingiza mguu. Chini yake hufungwa bomba na unyayo, na mazoezi huanza kati ya vyuma viwili vya kushikilia.

Huduma hiyo inatozwa, ila ofisi ya ustawi niliyoieleza juu inahusika hapa pia. Mjipange kurudi, kwa sababu kigutu husinyaa katika miezi ya mwanzo na kikombe kikaanza kulegea. Wazee wengi huutupa mguu uvunguni wakidhani umekataa, kumbe ulihitaji kurekebishwa. Na ule mguu uliobaki ukaguliwe kila jioni, mpaka katikati ya vidole. Mwenye kisukari anaweza kutembea na msumari kwenye kandambili siku nzima bila kuusikia.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Je, hospitali ya kanisa inaweza kunikataa, au kunilazimisha kushiriki ibada? — Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Dini huandikwa kwenye faili ili ukizidiwa ajulikane wa kuitwa. Sala za asubuhi utazisikia wodini, na hulazimiki kuzifuata. Hospitali hizi hufanya kazi na serikali kwa makubaliano ambayo makanisa yaliyatia saini mwaka 1992, nazo hupokea fedha za umma, kwa hiyo milango yake ni ya umma.

SWALI: Je, ninaweza kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa bila karatasi? Huku kwetu zahanati ina muuguzi mmoja tu. — Msomaji, Mbulu

JIBU: Ukiwa na dharura, nenda popote palipo karibu na pana uwezo, hakuna anayedai karatasi kwa mtu anayevuja damu au mama aliyekwama leba. Pasipo dharura, karatasi ya rufaa ina faida kwako kuliko kwa hospitali. Mwenye bima hukubaliwa kwa urahisi akifuata ngazi, na daktari bingwa huanza pale wenzake walipoishia badala ya kukurudishia vipimo vilevile. Ukiwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo ilianza kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, kumbuka kwamba iliwekwa kukufikisha mpaka ngazi ya mkoa tu. Hospitali ya kanda ni juu ya hapo, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari dirishani.

Nanyi wa Mbulu mna bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei mwaka 1955, iko palepale kwenu, na kwa miaka mingi imewahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, pamoja na kuendesha kliniki za mama na mtoto vijijini. Kabla ya kupanda basi la Moshi, uliza huko kwanza.

SWALI: Mama yangu mdogo alikaa leba siku mbili, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe. Ni mwaka wa 4 sasa. Mumewe amemwacha, na watu wanasema amerogwa. Hana pesa ya matibabu, wala hataki kupanda basi kwa sababu ya aibu. Tufanyeje? — Msomaji, Handeni

JIBU: Hajarogwa. Hali hiyo ni fistula, na chanzo chake umekiandika mwenyewe kwenye sentensi ya kwanza. Kichwa cha mtoto kilipokwama, kilibana nyama laini kati ya njia ya uzazi na kibofu kwa muda mrefu mpaka damu ikaacha kufika hapo; nyama ile ikafa, ikaacha tundu. Tundu hilo hufungwa kwa upasuaji, na miaka 4 haijamchelewesha, kwani wapo waliotibiwa baada ya miaka 20.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu na isiyo ya faida, hutibu fistula bila malipo. Ilipogundua kwamba wanawake wengi walikuwa hawafiki kwa kukosa nauli tu, ilianza mwaka 2009 kutumia M-Pesa: balozi wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa huwasiliana na hospitali, nauli hutumwa kwenye simu ya balozi, naye humpandisha mgonjwa basi. KCMC pia ina madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wanaofanya upasuaji huu. Anzeni kwa mganga wa zahanati yenu, mkamwambie neno fistula waziwazi, na muombe awaunganishe. Baada ya upasuaji atakaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki mbili, hatakutana na mwanamume kwa miezi kadhaa, na akipata ujauzito tena ni lazima ajifungulie hospitalini, kwa kawaida kwa upasuaji.

Kuhusu basi: akate siti ya nyuma karibu na dirisha, atandike kipande cha nailoni na khanga iliyokunjwa mara nne juu yake, na awe na khanga mbili za kubadilisha kituoni. Pengine amezoea kujinyima maji ili asilowe. Aache, kwa sababu mkojo wa mtu mwenye kiu huwa mkali, hunuka zaidi na humchubua mapajani. Asubuhi ya safari anywe maji kama kawaida.